Mashine ya Maji Isishike Wakati wa Jilaal

(Maneno haya walielezwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya mashamba ya kando ya mto Tana na kamati za visima. Tunayachapa hapa ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi. Anayejua kusoma awasomee wengine, na maswali ya mwisho yajadiliwe na wote.)

 

Katika mikutano iliyopita tulizungumza juu ya akiba, juu ya kuchagua viongozi, na juu ya kuweka hesabu. Kila tulipokwenda kutembelea vikundi tuliambiwa jambo moja: "Hesabu ni nzuri, lakini mashine imekufa." Kikundi kina katiba, kina mwenyekiti, kina daftari safi, lakini migomba inakauka kwa sababu injini haiwaki. Kwa hiyo leo tunaiweka mashine yenyewe katikati yetu tuitazame.

Sisi si mafundi. Tulisomea kazi za jamii. Lakini tumekaa na mafundi, tumeuliza maswali ya kijinga na ya busara, na tumeona kwamba mambo mengi yanayoua mashine hayahitaji fundi kuyazuia. Yanahitaji kikundi kilichokubaliana.

NI PAMPU GANI TUNAYOSEMA?

Kwanza tuelewane kwa jina. Kwenye mashine ya maji kuna pampu mbili. Moja ni ile kubwa inayovuta maji mtoni. Hiyo kila mtu anaijua. Nyingine ni ndogo, imefungwa ubavuni mwa injini, nayo haisukumi maji, inasukuma dizeli. Mafundi huiita injekta pampu. Leo tukisema "pampu ya dizeli" tunasema hiyo ndogo.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeifanya injini ya namna hii ifanye kazi vizuri mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa kuwasha mafuta. Hewa ikibanwa sana huwa moto, kisha dizeli inapulizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Lakini kupuliza mafuta ndani ya hewa iliyobanwa kunataka nguvu kubwa. Gurudumu la gari hujazwa upepo wa kadiri ya pauni 30. Pampu ya dizeli ya injini hizi ndogo inasukuma mafuta kwa nguvu ya mara 60 hadi 100 ya hiyo. Ndiyo maana tunawaonya vijana: usiweke mkono mbele ya noziri kuona kama mafuta yanatoka. Dizeli hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na anayepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama tundu la sindano.

MCHI NA KINU

Sasa, nguvu hiyo inatoka wapi? Ndani ya pampu kuna vyuma viwili. Kimoja ni kama mchi, kingine ni kama kinu. Mchi unapanda na kushuka ndani ya kinu, na kila unapopanda unasukuma tone la dizeli. Mafundi huita mchi plunja na kinu bareli.

Kina mama mnajua kinu cha nyumbani kina nafasi kubwa, mchi unacheza humo. Kinu hiki hakina nafasi. Chukua milimita moja, igawe mara elfu moja, kisha chukua sehemu mbili au tatu tu. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya mchi na kinu. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa sehemu kama 60 au 70 za namna hiyo. Nafasi ingekuwa kubwa zaidi, dizeli ingerudi nyuma badala ya kwenda mbele, na ile nguvu isingepatikana.

Kwa sababu nafasi ni ndogo hivyo, mchi na kinu hutengenezwa pamoja kama pacha. Huwezi kutoa mchi wa pampu hii ukautia katika kinu cha pampu nyingine. Mtu akiwauzia mchi peke yake, msinunue.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: mchi na kinu havipakwi grisi wala oili. Kinachovilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Dizeli ni chakula cha injini, na ni mafuta ya kulainisha pampu pia. Ikiharibika dizeli, vyote viwili vinaharibika.

JOTO LINAFANYA NINI?

Watu wengi husema, "Pampu imeshika kwa sababu ya joto la Garissa." Ni kweli, lakini si kweli yote. Tukielewa vizuri tutajua la kufanya.

Chuma kikipata joto hunenepa kidogo. Kama mchi na kinu vikipata joto pamoja, polepole, vyote vinanenepa pamoja na nafasi inabaki. Injini imeundwa ivumilie hivyo. Shida inakuja kimoja kikipata joto na kingine kikibaki nyuma. Mchi wa unene wa milimita 8, ukiwa na joto la digrii 30 zaidi ya kinu chake, unanenepa karibu sehemu tatu za zile sehemu elfu moja za milimita. Nafasi ilikuwa mbili au tatu. Kwa hiyo nafasi imekwisha. Mchi unakwama ndani ya kinu. Hapo ndipo mnasema pampu imeshika.

Kuna njia mbili za jambo hilo kutokea.

Ya kwanza ni dizeli kuwa nyepesi. Mmeona samli: asubuhi ni nzito, mchana inamwagika kama maji. Dizeli nayo ni hivyo. Dizeli ya digrii 80 ina uzito wa kutiririka karibu nusu tu ya ile ya digrii 40. Ikiwa nyepesi mno hailainishi vizuri. Mchi unasugua kinu, kusugua kunaleta joto, mchi unanenepa, unasugua zaidi. Ni kama watu wawili wenye hasira, kila mmoja anamwongezea mwenzake.

Ya pili ni kumwagia pampu maji baridi. Hapa tunaomba msikilize sana, kwa sababu ndilo kosa tunaloona mara nyingi zaidi kandokando ya mto.

USIMWAGIE MAJI PAMPU YA MOTO

Ilikuwa Februari katika kikundi kimoja cha kando ya Tana. Mashine ilikuwa imevuta maji tangu asubuhi, na saa saba mchana ikaanza kukohoa na kupoteza nguvu. Kijana aliyekuwa zamu alifanya kile ambacho kila mtu angefanya akiona mnyama amechoka kwa jua: alichota ndoo ya maji mtoni akaimwagia injini, pampu ya dizeli ikiwa ya kwanza kulowa. Injini ikazima hapo hapo. Kesho yake haikuwaka.

Kumbukeni mchi na kinu. Kinu kiko nje, mchi uko ndani. Maji baridi yanapiga kinu kwanza, kinu kinasinyaa mara moja. Mchi ulioko ndani bado ni wa moto na mnene. Kinu kinaubana mchi kama pete iliyobana kidole kilichovimba. Fundi alipofungua pampu ile alikuta mchi una mikwaruzo kutoka juu hadi chini, nayo mikwaruzo haifutiki. Ikabidi anunuliwe pacha mpya. Kutoka Garissa mpaka Nairobi ni kilomita karibu 370, na kabla kipuri hakijapatikana na kufungwa, zilipita siku kumi na moja. Nyanya zilikuwa na maua. Mnajua wenyewe nyanya zenye maua zinavyofanya zikikosa maji siku kumi na moja za Februari.

Hatusemi haya kumlaumu kijana. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kosa lilikuwa la kikundi kizima, kwa sababu kikundi kilimpa ufunguo wa mashine bila kumpa maarifa ya mashine.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: pampu ya moto haimwagiwi maji, haiwekewi kitambaa kilicholowa, wala haioshwi. Ukitaka kuosha injini, osha alfajiri ikiwa imelala usiku kucha.

INJINI IKIZIMA MCHANA, TUFANYE NINI?

Msiharakishe. Haraka haraka haina baraka. Fuateni mambo haya kwa mpangilio:

1. Tazama tangi. Mara nyingi dizeli imekwisha au bomba limefungwa. Dizeli ikiisha kabisa hewa huingia ndani ya mipira, na lazima hewa itolewe kabla ya kuwasha. Pampu ikizunguka bila dizeli haina cha kuilainisha, kwa hiyo tangi lisiachwe likauke kamwe.

2. Tazama kikombe cha filta. Kama kuna maji au tope chini, kimwage.

3. Kama hivyo viko sawa, acha injini ipoe yenyewe kivulini muda wa saa moja au zaidi. Isiguswe.

4. Ikishapoa, inua mkono wa kuachia hewa kama injini yako inao, uzungushe injini kwa hendeli taratibu. Izunguke bila kukwama.

5. Sogeza kwa kidole chuma kidogo kinachoongoza mafuta kwenye pampu, ambacho mafundi huita raki. Kiende na kurudi chenyewe kwa wepesi.

6. Kama chuma hicho hakisogei, simamisheni kazi. Msigonge kwa nyundo, msilazimishe kwa spana. Mwiteni fundi.

Kwa nini tunasema simamisheni kazi? Kwa sababu pampu inaweza kushika kwa namna mbili. Ikishika imefunga, injini haiwaki, na hasara ni maji tu. Lakini ikishika imefungua, injini ikiwaka inapata mafuta yote, haina wa kuizuia, inakimbia mpaka inapasuka. Watu wameumizwa na vyuma vya namna hiyo. Kwa hiyo wekeni kipande cha ubao bapa karibu na injini siku zote. Ikianza kukimbia hovyo, ziba kwa ubao huo mahali inapovuta hewa. Usizibe kwa kiganja. Injini ikikosa hewa itazima. Wengine wote wakae mbali, na watoto wasiruhusiwe kucheza karibu na mashine.

Kuna jambo lingine linalofanana na kushika lakini si kushika. Injini inawaka vizuri asubuhi, lakini mkiizima mchana ikiwa moto inakataa kuwaka tena mpaka ipoe. Mara nyingi hapo mchi haukukwama. Umelika. Nafasi imekuwa kubwa, na dizeli nyepesi ya mchana inavuja kurudi nyuma. Mashine ya namna hiyo inawaambia mapema kwamba pacha imezeeka. Anzeni kuchangia kipuri kabla ya Jilaal, kabla haijakataa hata asubuhi.

KIVULI, UPEPO NA SAA ZA KAZI

Sasa tuje kwenye kinga. Eneo letu ni la joto. Garissa mchana hufika digrii 35 na zaidi, na Februari na Machi ndizo kali kabisa. Hatuwezi kulipunguza jua, lakini tunaweza kuisaidia mashine.

Jengeni kivuli. Makuti au mabati juu, pande zote wazi. Msiifungie injini kwenye kibanda cha udongo kisicho na dirisha kwa kuogopa wezi, kwa maana mtakuwa mmeipika. Injini inayopozwa kwa upepo inataka upepo mpya uingie upande mmoja na upepo wa moto utoke upande mwingine. Wezi tuwazuie kwa mnyororo na mlinzi.

Tangi la dizeli liwe mbali na bomba la moshi, na likiwezekana lipakwe rangi nyeupe. Lijazwe vizuri. Dizeli nyingi hupata joto polepole. Dizeli kidogo iliyobaki chini ya tangi hupata joto upesi, hasa kwenye injini zinazorudisha mafuta ya ziada tangini.

Safisheni mbavu za chuma za kupoza. Vumbi, majani makavu na oili iliyoganda hufunika mbavu hizo kama blanketi. Kama injini yenu ni ile ya kutiwa maji juu, angalieni maji kila saa, na yatolewe mara kwa mara, maana maji ya Tana yana udongo mwingi nao unakaa ndani.

Chagueni saa. Vuteni maji kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Maji ya saa saba mchana sehemu yake inaliwa na jua kabla ya kufika kwenye mzizi. Mnachoma dizeli kulisha upepo, na mnachosha mashine katika saa yake mbaya.

Na kabla ya kuzima, ondoeni mzigo, acheni injini ikimbie polepole dakika tatu hadi tano. Mtu aliyekimbia haketi ghafla. Hutembea kwanza apate pumzi. Injini nayo inataka joto lishuke pamoja pande zote.

DIZELI SAFI

Tulisema dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Basi tunaiwekaje?

Kwanza, isichanganywe na mafuta ya taa. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wafanyabiashara wengine walikuwa wakichanganya ili wapate faida. Uovu huo ulienea mpaka mwaka 2018 Serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi. Kuyatia kwenye mashine wakati wa joto ni kuongeza wepesi juu ya wepesi. Petroli ni mbaya zaidi, tena inaweza kuwaunguza.

Dizeli yenyewe imebadilika. Kuanzia Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini kazi ya kuondoa salfa inaondoa pia sehemu ya ulaini wa dizeli, kwa hiyo wenye viwanda hutia dawa ya kurudisha ulaini. Mtu akichanganya kitu kingine, anaipunguza nguvu dawa hiyo. Nunueni mahali mnapopaamini, ombeni risiti, na msinunue kwenye mitungi ya barabarani kwa sababu ya shilingi chache. Wala msitie dawa au oili yoyote kwa kusikia tu. Kama kitabu cha injini hakikusema, acheni.

Pili, dizeli ipumzike. Mtungi ukifika kutoka mjini umetikiswa njia nzima. Uacheni utulie kivulini siku moja na usiku, bila kutikiswa. Maji na uchafu vitashuka chini. Mimineni ya juu taratibu kupitia chujio laini au kitambaa kisichotoa nyuzi, mkaache ile ya chini kabisa. Sehemu ndogo ya vumbi la Garissa, ambayo jicho halioni, ni jiwe kubwa ndani ya nafasi ya sehemu tatu za elfu.

Tatu, filta ibadilishwe kwa saa, si kwa kukumbuka. Kitabu cha injini kinaeleza ni baada ya saa ngapi za kazi. Kwenye vumbi letu ibadilishwe mapema zaidi. Msiioshe kwa petroli mkairudisha. Filta ya karatasi iliyooshwa imetoboka hata kama inaonekana nzima.

MASHINE ILIYOLALA

Pampu inashika pia kwa kulala. Mvua za Gu zikija, mashine inawekwa pembeni miezi miwili. Unyevu unaingia, kutu ndogo inaota juu ya mchi, dizeli ya zamani inageuka kuwa gundi. Siku ya kuiwasha imeshika, na hapakuwa na joto lolote.

Kabla ya kuilaza, jazeni tangi dizeli safi ili unyevu usipate nafasi, iwasheni mpaka dizeli hiyo mpya ifike kwenye pampu, kisha funikeni. Kila wiki mtu mmoja aende aizungushe kwa hendeli na kusogeza ile raki.

Hili linawahusu sana ndugu zetu wa kamati za visima. Siku hizi visima vingi vya Garissa na Wajir vimewekewa sola, na jenereta imebaki kuwa ya akiba. Ni maendeleo mazuri. Lakini jenereta ya akiba isiyowashwa si akiba. Siku mawingu yatakapofunga, au kundi kubwa la ngamia litakapofika usiku, ndipo mtakapotaka iwake. Ngamia mmoja mwenye kiu anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja. Katika ukame wa mwaka 2020 mpaka 2023, ambapo mvua za misimu mitano zilikosekana, kisima kilichosimama siku mbili kilikuwa ni mizoga. Iwasheni jenereta hiyo angalau nusu saa kila wiki mbili, tena ikiwa na mzigo wa kuvuta maji.

Na mashine iliyofunikwa na mafuriko? Tana ilifurika vibaya Novemba 2023, ikafurika tena Aprili na Mei 2024. Mashine iliyozama isijaribiwe hata mara moja. Itolewe, dizeli na oili zote zimwagwe, na fundi aifungue na kuikausha pampu. Mkiizungusha ikiwa na maji na mchanga ndani, mtakuwa mmesaga vyuma kwa mikono yenu.

Neno moja kwa wenye matrekta na magari. Trekta nyingi, kama zile za Massey Ferguson 240, zina pampu ya kuzunguka ambayo vyuma vyake vyote vya ndani vinalainishwa na dizeli tu. Hiyo hushika upesi zaidi kwa maji na mafuta ya taa. Na magari mapya ya dizeli yana pampu za nguvu zaidi sana. Kwao, dizeli mbaya ya siku moja inaweza kuwa gharama ya mwaka.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa tumerudi kwenye kazi yetu sisi. Mambo tuliyoyasema hayana gharama kubwa. Kivuli, ubao, kitambaa, kusubiri. Kwa nini basi hayafanyiki? Kwa sababu mashine ya wote mara nyingi haina mwenyewe. Kila mtu anataka zamu ya maji, hakuna anayetaka zamu ya filta.

Tunapendekeza mambo matatu. Moja, wachagueni watu wawili wa mashine, na mmoja wao awe mama. Tumeona akina mama hawakosi kusogeza ile raki asubuhi, kama wasivyokosa kuonja mchuzi. Wafundishwe na fundi kwa siku mbili au tatu, na fundi alipwe. Mtu mwingine yeyote asiwashe.

Mbili, kuweni na daftari la mashine, mbali na daftari la pesa. Andikeni tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizotiwa, dizeli ilinunuliwa wapi, filta ilibadilishwa lini. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkiona lita zinapanda na maji ni yale yale, mashine inawaambia kitu.

Tatu, wekeni akiba ya vipuri. Kila saa mashine inapovuta maji, mwenye zamu atoe kiasi kidogo mtakachokubaliana, kiende kwenye kisanduku cha mashine. Pesa hizo zisikopeshwe, zisinunue soda za wageni, hata wageni hao wakiwa ni sisi. Kisanduku kikifika kiasi cha kununua filta mbili na pacha moja ya mchi na kinu, zinunuliwe zikawekwe. Kipuri kilicho kabatini mwa mweka hazina hakihitaji kusafiri kilomita 370.

Jilaal haitungoji. Kabla haijaingia, nendeni mkaitazame mashine yenu, mkaulize ina kivuli gani, inakunywa nini, na nani anayo kazi ya kuiangalia. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho mashine yetu iliposimama, tulikosa maji siku ngapi? Kila mmoja alipoteza nini?

2. Ni nani kati yetu anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini pampu ya moto haimwagiwi maji? Aeleze, wengine wamsahihishe.

3. Dizeli yetu inatoka wapi, inahifadhiwa wapi, na inatulia muda gani kabla ya kutiwa tangini?

4. Tutamchagua nani awe mtu wa mashine, na tutamsaidiaje asichoke?

5. Ni jambo gani moja tutakalolifanya kabla ya wiki hii kwisha? Liandikwe, na jina la atakayelisimamia liandikwe pia.